Mrembo Aliyechekwa kwa Kushika Ubao Kinyumenyume

Video yenyewe ilikuwa ya dakika tatu na kitu, na yeye alionekana mle ndani kwa sekunde kumi na moja tu. Anatokea kushoto, nywele zimemwagika mgongoni, miwani ya jua usoni, anatembea ufukweni amekumbatia ubao wa kutelezea mawimbi. Baadaye anaonekana tena, amelala juu ya ule ubao kwenye maji yasiyofika hata magotini, anaicheka kamera. Wimbo ukatoka Ijumaa. Ilipofika Jumamosi mchana hakuna aliyekuwa anauzungumzia wimbo.

Kisa? Mapezi. Ubao wa kutelezea mawimbi una mapezi chini yake, upande wa nyuma, ndiyo yanayoufanya uende mbele bila kuyumba. Sasa dada wa watu alikuwa ameulalia mapezi yakiwa mbele, tena juu, yamesimama karibu na kidevu chake kama masikio ya paka. Yaani nyuma mbele, chini juu. Ukitaka kuukosea ubao zaidi ya hapo itabidi uuvae kichwani.

Watu wa mjini nao si unawajua. "Dada, hiyo ni rivasi?" "Mpeni na pasi, ataishika upande wa moto." Maneno kama hayo yalikuwa mamia. Akajibu kwa vikaragosi vya kucheka, akaweka na kipande cha video anakunywa madafu, kuonyesha kwamba hana habari. Ndivyo wanavyofanya warembo wa kwenye video. Ukishaanza kujitetea umekwisha.

Lakini kulikuwa na neno moja alilolisoma usiku akiwa kitandani kwake Sinza, likamkosesha usingizi. Mtu asiye na picha, jina la kubuni, kaandika hivi: "Huyu hata kuogelea hajui. Mwangalieni macho."

Na kweli hajui.

Ana miaka ishirini na saba, kazaliwa Temeke, kakulia Temeke, daladala mbili tu mpaka baharini. Sikukuu ya Idi watoto wa mtaa mzima walipandishwa magari kwenda Coco Beach kula mihogo na kuchezea maji, yeye na wadogo zake wanabaki uani kuchezea ndoo. Mama yao ni mtu wa Bagamoyo. Kaka yake mama, yaani mjomba wao, alikuwa mvuvi. Mwaka mmoja msimu wa kusi alitoka alfajiri na ngalawa, ngalawa ikapatikana, yeye hakupatikana. Mama akaolewa Dar, akaanza kupika vitumbua na kuuza, na bahari ikawa kitu ambacho nyumbani kwao hakitajwi mezani. Samaki walikula, kuulizia samaki katoka wapi ilikuwa marufuku.

Kwa hiyo zile sekunde alizolala kwenye maji ya magotini akicheka, moyo ulikuwa unamdunda. Wengi waliona mapezi. Mmoja tu aliona macho.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Kampuni moja ilikuwa inatafuta sura ya tangazo. Wameuona ule mtafaruku wote, wakaona hapo kuna pesa. Wazo lao: yule yule dada aliyechekwa, safari hii asimame juu ya wimbi kweli, sio kudanganyishia. "Unaweza kujifunza kwa miezi mitatu?" Akasema anaweza. Hela iliyotajwa ilikuwa inalipa kodi ya mwaka mzima, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kupiga hodi mara mbili kwa wiki. Njaa haina aibu.

Basi ndio akajikuta kwenye pantoni asubuhi na mapema, anavuka kwenda Kigamboni. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, lakini ukitokea Kivukoni bila gari lako pantoni bado ni rahisi, halafu unadaka bajaji mpaka fukwe za upande wa bahari kuu. Huko ndiko kwenye mawimbi. Msimu wa kusi, kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa, upepo unatoka kusini mashariki na bahari inachafuka, ndio wakati vijana wa pale wanautoa ubao uvunguni. Kaskazi ikiingia bahari inalala, wanaurudisha.

Mwalimu aliyempata ni kijana wa hapo hapo, mtu wa miaka thelathini hivi, mkimya. Utotoni alikuwa anateleza kwa kipande cha mbao cha ngalawa iliyovunjika, analala kifudifudi kama watoto wote wa pwani. Ubao wa kwanza wa kweli aliachiwa na mgeni mmoja kwa sababu ulikuwa umepasuka katikati na haubebeki kwenye ndege. Akauziba mwenyewe. Wikendi anafundisha wageni, siku nyingine anasaidia kuvuta nyavu.

Alimwangalia dada yetu kuanzia juu mpaka chini. Wigi, kope za bandia, kucha za rangi.

"Dada, kope toa. Zitakuingia machoni."

"Na nywele?"

"Nywele utaona mwenyewe."

Akaona. Wimbi la kwanza kabisa, tena dogo, lilimpiga kifuani akaenda chini, alipoibuka kichwa kilikuwa chepesi. Baada ya dakika tano mtoto mmoja wa pale akaja amebeba kitu cheusi kinachuruzika maji, amekishika kwa mbali. "Anti, hiki ni chako au ni cha baharini?"

Kuna watu wangeishia hapo. Yeye alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na inasemekana ndio mara ya kwanza alicheka tangu wimbo utoke.

Kilichomliza ni kingine. Mwalimu alimwuliza swali ambalo wale wa video hawakumwuliza: unajua kuogelea? Akasema kidogo. Kijana akamwambia aelee mgongoni, maji ya kiunoni tu, nihesabie mpaka ishirini. Alifika tatu. Mwalimu akauchukua ubao akaurudisha bandani.

"Ubao sio boya, dada. Hii kamba ya mguuni ni kamba tu, inakatika. Ikikatika ubao unaenda Mwenge, wewe unabaki huku na mimi. Hapo utafanyaje?"

Alimbembeleza, akamwambia ana mkataba, akataja mpaka na kiasi cha hela. Kijana kakataa katakata. Na hapa lazima asifiwe, kwa sababu wapo ambao wangepokea hela, wakamsukuma kwenye wimbi na kumpiga picha. Mwezi mzima wa tano alifundishwa kuogelea tu, kama mtoto wa chekechea, ndani ya mwamba ambako maji yametulia. Kutoa pumzi puani uso ukiwa ndani ya maji. Kuelea. Kupiga miguu. Watoto wa pale walikuwa wanampita wanaogelea kama samaki, wanamsalimia kwa adabu kabisa, "shikamoo anti," ambayo ilimuuma kuliko yale maneno yote ya mtandaoni.

Mwezi wa sita ndipo ubao ukatoka.

Watu wanadhani kazi ya mchezo huu ni kusimama. Kusimama kunafundishwa mchangani kwa nusu saa: unalala kifudifudi, mikono chini ya mbavu, unajisukuma, unavuta miguu yote miwili kwa mpigo mmoja, unatua magoti yamekunjika na macho yanaangalia mbele. Anayeangalia miguu anaanguka, ni sheria. Kuna wanaotanguliza mguu wa kushoto na kuna wanaotanguliza wa kulia. Mwalimu alimjua kwa kumsukuma kidogo kwa nyuma bila kumwambia, aone anajizuia kwa mguu gani. Alijizuia kwa wa kulia na tusi moja.

Kazi iko kwenye maji. Ubao wa mwanafunzi ni mkubwa, futi nane au tisa, una sponji juu ili ukikupiga usikupasue. Kuubeba tu kuvuka ufukwe wenye upepo ni shughuli. Ukifika majini hauutangulizi kati yako na wimbi, kwa sababu wimbi litauchukua likutwangie nao mdomoni. Ukianguka unaanguka kibapa, sio kwa kichwa, maana chini kuna mwamba na yale madude meusi ya miiba. Ukiibuka unaibuka mikono imefunika kichwa. Na mwanafunzi hapandi yale mawimbi mazuri ya kwenye picha. Anapanda povu, lile wimbi lililokwisha kuvunjika linalokimbilia ufukweni. Asubuhi ni nzuri zaidi, kabla kusi haijachachamaa, upepo wa umande unapotoka nchi kavu na kuyalainisha maji. Mwalimu anashika mkia wa ubao, anasubiri, anausukuma, anapiga kelele "Sasa!" na wewe unafanya yale ya mchangani. Isipokuwa mchanga haukuwa unatembea.

Alianguka kushoto. Alianguka kulia. Alianguka kwa mbele ubao ukazama pua. Tumbo lilichubuka mpaka akaanza kuvaa fulana ndefu ya kubana. Usiku kwenye maji ya kuoga puani bado yanamwagika maji ya chumvi, hata akiinama kufunga viatu. Mchezo wenyewe umetoka visiwa vya Hawaii, watu wa huko waliucheza karne nyingi kabla dunia haijausikia, na muogeleaji wao Duke Kahanamoku, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1912, ndiye aliyezunguka kuuonyesha mpaka Australia. Umeingia Olimpiki juzi tu, ile ya Tokyo iliyosogezwa mpaka 2021, na medali ya fedha ya wanawake ilikwenda Afrika Kusini kwa Bianca Buitendag. Mwalimu alimsimulia habari hizo kumtia moyo. Akajibu kwamba huyo Bianca hakuanza na miaka ishirini na saba akiwa na wigi.

Mama alikuwa hajui kitu. Aliambiwa ni mazoezi ya dansi. Mpaka binamu mmoja mwenye kimbelembele akapita Kigamboni, akarekodi, akaweka kwenye status: "Dada yetu anapigana na bahari." Mama status anaangalia zote, hata za wauza viatu.

Hakupiga simu. Siku ya pili yake, saa kumi na nusu jioni, bajaji ikasimama pale ufukweni akashuka na kanga zake mbili na mfuko wa vitumbua. Mwalimu akasema shikamoo mama, akajibiwa marahaba ya ncha ya ulimi. Akakaa chini ya mkungu, akaitazama bahari kwa muda mrefu bila kusema neno. Binti yake alikuwa kule chini, anajiandaa kuingia na ubao kwapani, ameshamwona, ameamua kujifanya hajamwona. Mwalimu akarudi kwa wageni wawili aliokuwa anawafundisha upande wa pili.

Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu kabisa, ndio kwanza yameanza kugeuka kurudi. Kulia na kushoto mawimbi yanavunjika kwa fujo, povu kila mahali. Katikati kulikuwa na njia moja pana kama barabara, haina wimbi, rangi imekoza, imetulia kabisa. Mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu angechagua kuingilia pale. Ndiko alikokuwa anaelekea.

Sauti iliyotoka chini ya mkungu ilisikika mpaka barabarani.

"Weee! Usiingie hapo! Hapo penye utulivu usiingie!"

Akasimama, maji kwenye mapaja, anahisi mchanga unakimbia chini ya nyayo kuelekea kilindini. Ubao ukaanza kuvutwa. Mwalimu alikuja mbio akamshika mkono wakatoka kwa pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, maana alijua, na alijua pia kwamba hakuwa anaangalia.

Mama alikuwa ameshafika kwenye mstari wa maji, viatu mkononi, hagombi, anaeleza kama anayefundisha kupika. "Maji yote haya yaliyoingia, lazima yatoke mahali. Yanatokea hapo, kwenye mlango wa mwamba. Penye kelele maji yanakuja. Penye kimya yanaondoka, na wewe yanakubeba. Likikushika usishindane nalo, nenda pembeni mpaka likuachie." Halafu akamgeukia mwalimu. "Na wewe, leo mwezi ngapi?"

Kijana hakujua. Alikuwa anatumia programu ya simu.

"Mwezi kumi na tano," mama akasema. "Bamvua. Mwanafunzi haletwi hapa siku ya bamvua maji yakiwa yanatoka. Analetwa siku za maji mafu."

Hayo yote aliyajua. Baba yake alikuwa mvuvi, kaka yake mvuvi, alikua anahesabu mwezi kwa vidole kabla hajajua kuhesabu hela. Miaka karibu thelathini kayakalia kimya, watoto wake wanalelewa umbali wa daladala mbili bila kujua hata moja. Usiku ule kwenye pantoni wakirudi, walikaa kwenye benchi moja, na mama akamsimulia binti habari za mjomba kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo. Jina lake. Alivyokuwa anapenda kuimba. Kwamba alimbeba mgongoni kumfundisha kuogelea, yeye mama, akiwa na miaka saba. Binti hakujua kwamba mama yake anajua kuogelea. Yaliyobaki ni ya kwao wenyewe.

Kuanzia hapo ratiba ikapangwa na mama. Mwalimu alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kumpigia simu kumuuliza.

Wiki iliyofuata, siku za maji mafu, asubuhi, maji yamejaa kwa upole na umande unapuliza. Mama yupo chini ya mkungu wake. Povu likaja, sio kubwa, mwalimu akausukuma ubao, na miguu ikatua mahali pake yenyewe bila kuulizwa. Ubao ukatulia. Ule mtetemo wote ukageuka kitu laini, kama gari linapotoka kwenye vumbi na kuingia lami. Akaona ufukwe unamjia. Akaona mikungu, bajaji, watoto wamesimama. Sekunde nne, labda tano, halafu akaruka mwenyewe kwa sababu hakujua kinachofuata baada ya hapo ni nini. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, wote walikuwa wanafundisha kuanguka.

Simu ya kurekodia alikuwa nayo mama. Video ipo, na ameionyesha watu wachache. Karibu yote ni kidole gumba cha mama, chekundu kwa sababu ya jua, pembeni kipande cha kanga kinapepea. Bahari haionekani hata tone. Ila sauti ipo: "Simama. Simama. Simama mwanangu, simama," halafu kigelegele kimoja kirefu, halafu mama anamuuliza mtu pembeni hii kitu inazimwaje.

Hakuiweka mtandaoni. Wenzake wa mjini wanamwambia ni ujinga, hiyo ni kiki ya bure, ungewanyamazisha wote waliokucheka. Na kusema kweli wana hoja, kwa kazi yake. Lakini kila akitaka kuibonyeza anaacha.

Wa tangazo walipiga simu mwanzoni mwa mwezi wa nane. Kila kitu tayari, kamera zimekodiwa, mavazi yameshonwa, kuna na kamera ya kuruka. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, jua likiwa zuri. Alikuwa kwa mama Temeke siku hiyo. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Mama, Jumamosi ya wiki ijayo saa nne?"

Mama alikuwa anageuza vitumbua. Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, wa kulia umeshika kijiti.

"Mwezi kumi na nne hiyo. Saa nne maji yote yatakuwa nje huko, mtapiga picha na kaa. Waambie waongeze wiki moja. Saa nne hiyo hiyo, maji yako juu na hayana ugomvi."

Akarudi kwenye simu. "Kaka, Jumamosi hiyo haiwezekani."

Upande wa pili wakaanza kuja juu. Mkataba, gharama, watu wameshalipwa, sababu ni nini hasa?

"Maji yatakuwa yamepwa."

Kimya kidogo. Halafu sauti ya mtu anayemnong'oneza mwenzake pembeni, halafu ikarudi.

"Samahani dada. Yatakuwa yamefanyaje?"